Kuni Zenye Muhuri

Jumapili, 2 Juni

Baridi imeingia leo bila kupiga hodi. Asubuhi maji ya ndoo yalikuwa yanauma mkono, na mchana, kabla sijajua nianze na lipi, shemeji yangu amemleta mama yake. Mama mkwe ameshuka garini na mfuko mmoja wa nguo, mto wake wa kulalia, na kikohozi. Ule mto umenichoma kidogo. Mimi ni mshonaji, nyumba yangu ina mito ya kutosha.

"Karibu, Mama," nikasema.

"Nimekaribia," akajibu. Akakitazama chumba changu cha kushonea, akatazama vipande vya kitambaa sakafuni, akasema, "Mwanangu alizoea nyumba iliyofagiwa."

Huyo mwanawe ni marehemu mume wangu, mchomea vyuma, ambaye viatu vyake ndivyo vilivyoingiza nusu ya uchafu niliowahi kuufagia maishani. Nimemeza jibu. Nimeona nianze kuandika humu ili nisije nikapaliwa.

Shemeji alinivuta pembeni kunieleza. Mapafu yamemsumbua Mama tangu mwanzo wa mwaka, na nesi amesema anahitaji vitu viwili: joto, na asivute moshi. Shemeji anakaa mjini, huko chini kwenye joto, ghorofa ya nne. Yeye na mkewe wanatoka alfajiri wanarudi usiku, na mlango lazima ufungwe kwa ufunguo. Mama amekataa kata kata. Anataka kukaa mahali ambapo atasikia kuna mtu.

"Tujaribu kwako, shemeji," akaniambia. "Kifua kikizidi namchukua, atake asitake."

Nikamwambia aende salama. Moyoni nikasema huyu mama hatamaliza wiki hapa, na sikuona ubaya.

Jumanne, 4 Juni

Joto. Kusema ni rahisi. Umeme huku unakuja na kuondoka kama mgeni asiye na haya, na hita niliyoazima imekula kila kitu kwenye mita kabla hata haijapasha ukuta. Mkaa umepigwa marufuku, na hata ungeruhusiwa, mkaa ndani ya chumba na mtu mwenye kifua ni kumwua.

Lipo jiko. Jiko la chuma la marehemu, alilolichomelea mwenyewe, na bomba lake la moshi linalotoboa ukuta wa chumba cha kushonea. Mlango wake unafunga vizuri kiasi kwamba likiwaka kuni kavu husikii hata harufu. Halijawashwa tangu alipofariki. Limekuwa meza ya vifungo.

Tatizo ni kuni. Msitu ulifungwa mwaka ule mto wetu ulipokauka. Sasa huingii bila kibali, na hakuna gogo linalotoka bila kugongwa muhuri kwa nyundo maalumu yenye herufi kichwani. Na mimi, kwa bahati yangu, ndiye ninayeshona sare za askari wa msitu. Wanakuja kujaribu suruali zao humu humu, jiko likiwa mgongoni mwao. Hebu nichome kuni za wizi mbele yao nione.

Jumatano, 5 Juni

Nimeondoa vifungo juu ya jiko. Nimesafisha bomba. Masizi hadi puani.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda ofisi ya misitu. Afisa ni mama mmoja mwenye miwani, hana maneno mengi, nilishamshonea koti. Nimemweleza habari za mama mkwe na kifua chake. Akanisikiliza mpaka mwisho bila kugusa simu yake, jambo ambalo siku hizi mtu halipati hata kwa daktari.

Akasema mteremko wa juu kuna miti iliyoangushwa na upepo mwaka juzi. Imelalia mawe, haijagusa ardhi, imekauka vizuri. Kibali atanipa. Lakini hakuna kugusa kitu mpaka magogo yagongwe muhuri, na nyundo haipo. Iko na doria, upande wa pili wa mlima.

"Mna nyundo ngapi?" nikauliza.

"Moja," akasema, bila kucheka. Ndipo nikaelewa kwamba msitu wote ule, na kifua cha mama mkwe wangu pamoja nao, vinaisubiri nyundo moja.

Jumatatu, 10 Juni

Nyundo haijarudi.

Alhamisi, 13 Juni

Seremala wa nyumba ya pili kutoka kwetu amenipa gunia la masalia ya mbao, bure, na akalibeba mwenyewe mpaka mlangoni. Nimemshukuru mpaka akaona aibu. Mama akalimwaga gunia lote sakafuni, akawa ananusa kipande kimoja kimoja. Chenye gundi, upande huu. Chenye rangi, upande huu. Chenye dawa ya mchwa, nje kabisa.

"Hivi ukivichoma unavuta sumu," akasema. "Bora moshi."

Alipomaliza, gunia lilikuwa limebaki kibaba. Tumelichoma jioni ile ile. Kwa saa moja chumba kilikuwa na joto, Mama akavua skafu, na hakukohoa hata mara moja. Hakusema asante. Alisema mlango wa jiko unahitaji mafuta kwenye bawaba, na kwamba mwanawe asingeliacha likauke hivyo. Ni kweli unahitaji mafuta.

Jumamosi, 15 Juni

Nusu Bei amepita na baiskeli yake. Ndiyo jina analoitwa na mji mzima, maana kila anachouza ni nusu bei na hakuna anayeuliza kimetoka wapi. Leo alikuwa na mizigo miwili ya kuni chini ya turubai.

"Shangazi, utakufa na baridi ukisubiri serikali."

"Nitakufa na jina langu," nikamwambia.

Mama alikuwa dirishani. "Kuni ni kuni," akasema baadaye, tukiwa tunakula. "Moto hausomi kibali."

Nikamjibu kwamba askari wanasoma. Tukamaliza chakula, kila mtu na bakuli lake.

Jumatatu, 17 Juni

Nyundo haijarudi. Amekuja Twiga kujaribu suruali. Twiga ni askari wa msitu, anakaa kwenye kizuizi cha barabarani, na nimeacha kuhesabu mara nilizoshusha pindo za suruali zake. Kitambaa kinaisha, miguu yake haiishi. Kijana ana adabu, akamsalimia Mama kupitia mlango wa chumbani. Mama akaitikia akiwa amekaa kitandani, hakuinuka, hakutoka, amejitandaza na blanketi mpaka chini kama kuku anayelalia mayai. Twiga akauliza kama anaumwa. "Ninapumzika," akasema Mama kwa ukali.

Nimeona haya kwa ajili yake. Mgeni amekuja nyumbani kwangu, mtu ambaye sare zake ndizo zinazonilisha, na yeye hawezi hata kusimama. Nalala na hasira.

Jumatano, 19 Juni

Leo naandika mengi.

Nilitoka asubuhi kupeleka sare na kuuliza habari za nyundo. Nyundo haijarudi. Niliporudi, niliona moshi unatoka kwenye dirisha la chumba cha kushonea, moshi mzito, wa kijivu, na sikumsikia mtu. Nilikimbia. Nilimkuta Mama ameshikilia fremu ya mlango wa nyuma, ameinama, anatafuta pumzi na haipati. Midomo yake haikuwa na rangi. Nilimbeba. Sijui nilimbebaje, ni mrefu kuliko mimi, lakini nilimbeba mpaka uani nikamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikampepea kwa kibwebwe changu huku nikimwita, "Mama, Mama, vuta taratibu." Jirani akampigia nesi.

Nesi alikuja haraka, Mungu amzidishie, na aproni yake ya jikoni ikiwa bado kiunoni. Akampa dawa ya kuvuta. Ilichukua muda mrefu mpaka ule mluzi kifuani ukapungua.

Ndipo niliporudi ndani. Jiko lilikuwa limejaa kuni mbichi. Ukizitazama kwenye ncha zilikuwa zinatoa povu. Na chini ya kitanda cha Mama nikaukuta mzigo uliobaki, umefungwa kwa kamba ya Nusu Bei, mahali pale pale alipokuwa amejitandaza na blanketi siku Twiga alipokuja. Alikuwa ameulalia kweli kweli.

Ningeweza kucheka siku nyingine. Leo nilikaa chini sakafuni nikalia. Nilikuwa na hasira naye, na nilikuwa na hofu, na katikati ya hayo nikagundua kwamba wakati ule nimembeba nilikuwa nasema kitu kimoja tu, asife, asife, na sikuwa nakisema kwa ajili ya shemeji wala kwa ajili ya marehemu.

Shemeji amepiga simu. Nesi alimwambia. "Jumapili ya mwisho wa mwezi nakuja kumchukua," akasema. "Usijilaumu, shemeji. Umejaribu." Mama alikuwa anasikia. Aligeukia ukutani.

Alhamisi, 20 Juni

Asubuhi nimeuchukua ule mzigo nikaupeleka mwenyewe ofisi ya misitu, begani, mchana kweupe. Njia nzima nilikuwa nawaza kwamba kibali changu kinakwenda na maji, na sare zangu nyuma yake. Lakini nyumbani ule mzigo nisingeweza kuishi nao.

Afisa alivua miwani. "Umeutoa wapi?"

"Umekuja mlangoni. Tumeuchoma kidogo. Mgonjwa wangu nusura afe."

Hakuniuliza jina la mtu. Akasema safari hii ananionya kwa mdomo, nyingine ataandika. Halafu akainua simu ya redio akauliza doria wako wapi na ile nyundo. Nilisimama pale nikashindwa kusema asante vizuri, ikatoka kama kikohozi.

Jioni nikampelekea Mama chai. Nilikuwa nimepanga maneno. Nikamwuliza, "Mama, kwa nini? Nilikwambia tusubiri."

Akakishika kikombe kwa mikono miwili.

"Nilikuona unavipuliza vidole kabla ya kutunga uzi," akasema. "Kila asubuhi. Havipindi. Unadhani sioni?" Akavuta pumzi. "Lile jiko hakulitengeneza kwa ajili ya kifua changu. Alikuja kwangu kuchukua vyuma vya baba yake, nikamwuliza vya nini. Akasema mke wangu anashona kwenye baridi, vidole vyake vinakufa ganzi. Nikamwambia atumie chuma kizuri, cha mlango wa ghala. Sasa yeye hayupo na vidole bado vina baridi. Mimi nimekuja nimekaa tu natazama."

Miaka yote nimelitazama lile jiko nikidhani aliliunda kwa sababu alipenda kuchomelea. Nilipiga magoti pale pale nikamshika miguu, nikamfunika vizuri. Nikamwambia chai inapoa.

Ijumaa, 21 Juni

Nyundo haijarudi. Mama amekunywa uji.

Jumapili, 23 Juni

Nashona nikiwa chumbani kwake sasa, nimeburura cherehani. Ananisimulia habari za marehemu alipokuwa mdogo: alivyolichomelea lango la shule upande wa ndani, akafungiwa yeye na mwalimu wake. Nimecheka mpaka nikashona mkono wa shati kwenye kola.

Nje kuna manyunyu na ukungu. Kifua chake usiku kinalia. Shemeji anakuja Jumapili ijayo.

Jumatano, 26 Juni

Nyundo imerudi. Afisa amenitumia ujumbe wenye maneno mawili: "Imefika. Njoo." Nimeusoma kwa sauti, Mama akaniambia nirudie.

Ijumaa, 28 Juni

Nashukuru kwamba leo imekwisha, na nashukuru jinsi ilivyokwisha.

Tulipanda mteremkoni asubuhi: mimi, dereva wa pikapu, fundi wa msumeno, na Mama. Ndiyo, na Mama. Nilimkatalia. Akasema mtu aliyenunua kuni mbichi kwa macho yake mwenyewe anahitaji kwenda kuona kuni kavu ili ajifunze, na akaingia mbele kwenye pikapu na blanketi mbili, akafunga kioo. Nesi alisema akikaa kwenye gari lililofungwa haina neno.

Magogo yalikuwa yamelala kama afisa alivyosema, juu ya mawe, ganda limebanduka lenyewe. Kila moja lilikuwa na muhuri kwenye kichwa kimoja, herufi zimezama ndani ya mti. Fundi aligonganisha vipande viwili vidogo, vikatoa mlio mkali, mkavu. Mama alishusha kioo kidogo akasema, "Hizo."

Sasa ujinga wangu. Mimi ni mshonaji, sichukui kitambaa dukani bila kukikata kwa kipimo. Nikatoa futi yangu shingoni, nikampimia fundi urefu unaoingia jikoni, nikamwambia akate vyote pale pale ili tusibebe magogo mazima na kuanza kutafuta msumeno nyumbani. Fundi akakata. Tukapakia vikiwa vimechanganyika, vizuri, hadi juu. Nilijisikia mwerevu sana.

Kizuizini alikuwepo Twiga, na suruali yangu mwilini mwake. Nikafurahi. Akazunguka pikapu mara moja, akazunguka tena.

"Mama mshonaji, muhuri uko wapi?"

"Upo. Huo hapo."

"Hapo upo. Na hiki? Na hiki?"

Ndipo nilipoona. Gogo lina muhuri kwenye kichwa kimoja. Nimelikata vipande, muhuri umebaki kwenye kipande kimoja, na vingine vyote havina jina wala kwao. Mbele ya sheria nilikuwa na mihuri michache na gari zima la kuni za wizi.

Nilimwonyesha kibali. Akasema kibali ni cha magogo yenye muhuri. Nikamwambia ampigie afisa. Afisa alikuwa kwenye mkutano mjini, hapatikani mpaka Jumatatu. Nikamwambia, na sijivunii, "Twiga, ni mimi. Nimekushonea suruali ngapi?"

Akainamisha kichwa, maskini, shingo yote ile. "Suruali nimevaa, mama, na nashukuru. Lakini nikikupitisha wewe, Nusu Bei atapita kesho na hadithi yake. Vyenye muhuri chukua. Vingine vibaki hapa uani mpaka Jumatatu."

Uani kwenyewe hakuna paa, na manyunyu yalikuwa yameanza. Jumatatu kuni zingekuwa zimelowa, na Mama angekuwa ghorofa ya nne. Nilisimama pale nikashindwa kumkasirikia yule kijana, maana alikuwa anasema kweli, na hiyo ndiyo ilinimaliza. Machozi yakaanza kunitoka mbele ya dereva.

Kioo cha pikapu kikashuka.

"Wewe, askari. Ukiona kipande kinashikana na chenye muhuri, huamini kwamba ni gogo moja?"

Twiga akafikiri. "Nikiona vinashikana, naamini."

"Basi huyu ni mshonaji," akasema Mama. "Mshonaji hasa, si wa kubahatisha. Mwacheni aunganishe." Kioo kikapanda.

Sijawahi kusikia neno zuri kutoka kinywani mwake kuhusu kazi yangu. Nikajifuta uso kwa kanga.

Tulishusha vyote chini ya banda dogo la walinzi na mbele yake. Nikaanza na kipande chenye muhuri, nikakigeuza nitazame upande wa pili: duara za ndani, ufa umekwenda wapi, kiini kimekaa katikati au pembeni, kifundo kiko wapi. Kisha nikatafuta mwenzake, kama ninavyolinganisha miraba ya kitambaa kwenye mshono ili mstari usikatike. Cha kwanza kilichukua muda. Cha pili haraka zaidi. Dereva akaelewa, akawa ananiletea vyenye unene mmoja. Fundi wa msumeno akakumbuka kwamba gogo lenye tundu la ndege lilitoa vipande vinene. Magogo yakaanza kurudi, moja baada ya jingine, yamelala kwenye matope kama hayajawahi kukatwa. Twiga alianza amekunja mikono. Baadaye nikasikia sauti nyuma yangu, "Hiki hapa, mama, tazama ufa," na nikamkuta amepiga magoti kwenye matope na suruali mpya.

Mwisho alipita mstari kwa mstari, anagusa kila unganiko kwa kidole, anafika kwenye muhuri, anaitikia kwa kichwa, anakwenda mwingine. Vyote vilipata kwao isipokuwa kimoja, kipande kinene kuliko vyote, ambacho hakikufanana na chochote. Nilikizungusha mara nyingi. Hakikukubali.

"Hiki kinabaki," nikasema kabla hajasema yeye.

Tulifunika kuni kwa turubai tukashuka. Mama alikiomboleza kile kipande njia nzima. "Kingewaka usiku kucha," akasema, mara mbili. Lakini alikuwa ameniegemea bega.

Jumapili, 30 Juni

Shemeji amefika saa sita na koti zito. Jiko lilikuwa linawaka tangu alfajiri, mlango umefungwa, hakuna harufu hata kidogo, birika linaimba juu yake. Alikaa kwenye kiti cha wateja ili tuzungumze habari za safari. Akavua koti. Akavua sweta. Kisha akalala usingizi hapo hapo, mdomo wazi, na Mama akamfunika na nusu ya gauni la mteja wangu.

Alipoamka alimsikiliza Mama akipumua. Alimsikiliza kwa muda. "Baridi ikiisha basi," akasema. "Mwisho wa Agosti namchukua."

Nimemshukuru, nimemfungia chakula, nimemsindikiza mpaka garini.

Jumamosi, 6 Julai

Nimetia uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Vidole vinapinda vizuri.

Jumapili, 14 Julai

Mama ndiye mwenye jiko sasa, mimi siligusi. Anajua lini aongeze kipande, lini afunge tundu la hewa. Wateja wanakuja kujaribu nguo na hawaondoki. Mwalimu mmoja ameshonewa sketi iliyokwisha wiki iliyopita na bado anakuja kuiulizia. Seremala nimempelekea shati. Nesi nimemshonea aproni mpya, ile aliyokuja nayo ilikuwa na tundu la moto na siku ile sikuwa na akili ya kuliona. Nimekumbuka watu wote hawa nikiwa nakunja pindo, nikajiona tajiri.

Jumanne, 23 Julai

Mama ameniita "mwanangu". Aliniambia nimpe mkasi. Nikampa, nikarudi kukaa, kisha ndipo nikasikia alivyosema.

Jumapili, 4 Agosti

Afisa ametoa kibali cha pili. Mvua ya upepo imeangusha miti mingine, mibichi safari hii. Anasema mwenye akili huchukua sasa, akapasua, akapanga, aichome mwakani. Mama alisema hivyo hivyo kabla sijamaliza kusoma. Safari hii magogo yamekuja mazima, na mihuri yake, Twiga akatupigia saluti. Tumepasua uani. Mama amesimamia upangaji: ganda juu, nafasi katikati ipite hewa, na kila baada ya wiki chache zigeuzwe.

Jumamosi, 17 Agosti

Twiga amekuja na vipande viwili vya gogo kwenye baiskeli. Kimoja ni kile kinene kilichobaki kizuizini. Cha pili ni kifupi, kina muhuri. Kilikuwa kimebingirika chini ya mawe kule mteremkoni siku ile, doria wamekikuta. Akavishikanisha mbele ya Mama, ufa kwa ufa.

"Mwenzake amepatikana," akasema.

Nimemshushia pindo la suruali bila kuombwa. Mama amekataa kukichoma kile kinene. Amekiweka uani karibu na kuni mpya, anakikalia.

Jumamosi, 24 Agosti

Asubuhi hii jua lilikuwa na joto kweli. Nimezima jiko. Nimefua nguo zake zote na kuzipiga pasi, nimezikunja kwenye mfuko. Nimeshona foronya mpya ya ule mto wake, ya kitambaa cha miraba, mistari imekutana kwenye mshono. Sijamwambia abaki. Mtu mzima haombwi abaki kwa sababu mimi nitaona nyumba kubwa. Lakini naandika hapa kwamba nitaiona kubwa.

Jumapili, 25 Agosti

Shemeji amefika mapema. Akapakia mfuko, akapakia mto, akafungua mlango wa mbele.

"Mama, twende, jua lisitukute njiani."

Mama alikuwa uani, amekaa kwenye gogo lake. Hakuinuka.

"Hizi kuni ni mbichi," akasema.

"Naziona, Mama."

"Hazikauki kabla ya mwakani. Nani atazigeuza?"

"Shemeji yupo."

"Huyu ana cherehani," Mama akasema. "Akiwa kwenye cherehani hasikii hata mvua. Zitaota ukungu, halafu baridi ikija atavipuliza vidole tena. Nimeshachoma kuni mbichi mara moja, sitaki mara ya pili. Mimi nitazigeuza."

"Mama, mpaka mwakani?"

"Kuni zina mwaka wake. Mimi niziharakishe?"

Shemeji akanitazama. Nilikuwa nimesimama mlangoni na vitambaa mkononi, na nilitaka kusema jambo la heshima, jambo la kumrahisishia. Badala yake nikasema, "Shemeji, namtaka. Niachie."

Shemeji akavua koti, akalitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo, akamwuliza mama yake ni upande upi unaoanza kugeuzwa. Mama akamwonyesha kwa kidole, akaanza kumgombeza kabla hajashika hata kipande kimoja.

Mimi nikaenda garini kuuchukua ule mto. Nimeurudisha kitandani pake, nikaukunguta kidogo, nikarudi kushona.